Kikapu Nyuma ya Mlango

Maneno haya niliyasema Jumamosi ya mwisho wa mwezi, baada ya usafi, mbele ya ofisi ya serikali ya mtaa wetu hapa Dar es Salaam. Vijana walirekodi kwa simu, mimi nikakaa na daftari nikayaandika. Majina ya watu nimeyaondoa, utani nimeubakiza.

Mwenyekiti, wajumbe, wazee wangu, shikamooni. Mama zangu na dada zangu, poleni na kazi. Na nyie wanangu mliojibanza nyuma ya kibanda cha wakala mkiogopa kurudishwa mtaroni, nimewaona. Assalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe.

Mwenyekiti kanipa dakika kumi. Nimefundisha shule ya msingi miaka 33, kwa hiyo mnajua dakika kumi za mwalimu zinavyokuwa ndefu.

Leo sianzi na bahari wala na barafu za huko ncha ya dunia. Naanza na hili fungu hapa mbele yenu, linalonuka. Limetoka kwenye mtaro mmoja tu, kuanzia kwa muuza mkaa mpaka kwenye kivuko cha watoto wa shule. Hatua mia mbili hazifiki. Mlipokuwa mnanawa nimelichokoachokoa kwa fimbo. Chupa za maji zimo chache, kwa sababu waokota makopo walishapita alfajiri. Pampasi zimo, tena nyingi, na hilo tutaliongea siku nyingine wababa wakiwa hawapo. Kuna nywele za bandia. Kuna kandambili tatu, zote za mguu wa kushoto, na wallahi sijui mitaro ina nini na mguu wa kushoto. Kilichobaki, zaidi ya nusu ya fungu, ni mifuko.

Mifuko gani? Hapo ndipo nataka mnisikilize. Rambo lenyewe, lile lenye mikono tulilokatazwa, nimeliona moja tu. Jeusi, limejaa tope. Nimelisuuza, halijatoboka. Nadhani lilitupwa kabla ya sheria na limekaa ardhini miaka yote hiyo likitusubiri tuje na majembe. Mengine yote ni aina mbili. Kuna ile laini inayong'aa, haina mikono, tunayoiita vifungashio. Halafu kuna hii ya rangi, ya bluu, ya kijani, ya udongo, ile tuliyoambiwa ni mbadala. Itazameni ilivyochanika, nyuzinyuzi kama bandeji ya juzi.

Kwa hiyo tulikatazwa mfuko, tukatii, na mtaro bado umejaa mifuko.

Msinielewe vibaya, mimi sheria ile naiunga mkono. Tarehe 1 Juni 2019 naikumbuka vizuri, ilikuwa Jumamosi kama leo. Wiki nzima kabla ya hapo watu walikuwa wanachekana: utabeba nyanya kwenye kofia? Viwango vya adhabu vilikuwa vimeshatangazwa. Ukikutwa umebeba, faini kuanzia shilingi 30,000 mpaka 200,000, au siku zisizozidi saba ndani, au vyote viwili. Ukikutwa unauza, 100,000 mpaka 500,000 au miezi mitatu. Mwenye kiwanda au anayeingiza kutoka nje, milioni 20 mpaka bilioni moja. Watu wakaogopa, na wakaacha. Ndani ya mwezi mmoja rambo likapotea dukani, na mimi nilikuwa miongoni mwa waliosema haliwezekani.

Na matunda yake tuliyaona. Waliokuwa wanapanda mabasi ya mikoani wanajua. Zamani ukikaribia mji wowote wa nchi hii uliujua kabla ya kuona kibao, kwa miiba. Kila mwiba umevaa mfuko, mweusi, mweupe, mweusi, kama kamba ya kuanikia nguo za wendawazimu. Siku hizi miiba ni miiba.

Wala hatukuwa wa kwanza. Ndugu zetu wa Zanzibar walitutangulia kwa miaka zaidi ya kumi. Rwanda walitunga sheria yao mwaka 2008. Kenya walianza tarehe 28 Agosti 2017, na wao walikaza zaidi yetu: faini mpaka shilingi milioni nne za kwao, au kifungo mpaka miaka minne. Ila wa mwanzo kabisa, na hawa ndio ningependa muwakumbuke mvua za masika zikianza, ni Bangladesh. Walipiga marufuku mifuko laini mwaka 2002, na hawakufanya hivyo kwa kupenda kasa wala samaki. Mafuriko ya 1988 na ya 1998 yaliwafundisha. Nchi tambarare, maji yamekuja, yanatafuta mtaro, mtaro umezibwa na mifuko. Sisi tunaolijua bonde la Msimbazi, tuliowahi kusimama barabarani tukaitazama Jangwani ikigeuka ziwa, hatuhitaji mkalimani wa habari hiyo. Sisemi mifuko ndiyo inayoleta mafuriko. Mvua ni mvua, na bondeni ni bondeni. Nasema maji yaliyokuwa yaondoke kwa saa mbili yanakaa kwako siku mbili, na unayajua yanakaa na nini.

Sasa turudi kwenye hivi viwili.

Vifungashio kwanza. Sheria haikukataza plastiki yote, iliacha mlango kwa vitu vinavyofungwa kiwandani, vya hospitali, vya kilimo, vya ujenzi. Ni haki, maana dawa hutaifunga kwenye jani la mgomba. Ila sisi Waswahili ukituachia mlango, tunaingia na kitanda. Kile kifungashio cha kuweka bidhaa tumekigeuza cha kubebea. Hakina mikono, kwa hiyo si mfuko! Unafungiwa nyanya humo, vitunguu humo, pilipili mbili humo, kisha vyote vinatiwa kwenye kingine kikubwa. Tumetoka kwenye rambo moja tukaingia kwenye vifungashio vinne, na bado tunasema tumeacha.

Cha pili ndicho kinachoniuma, kwa sababu hapa tulidanganyika bila kudanganywa. Huu mfuko wa rangi wengi mnadhani ni kitambaa. Nimekuja na kiberiti. Wewe kijana, njoo ushike hii karatasi, iwashe. Mnaona? Jivu. Haya, sasa kipande cha mfuko mbadala, kidogo tu, na usisogeze pua. Kinafanyaje? Kinayeyuka. Kinadondoka tone. Kitambaa gani kinadondoka tone? Hiyo ni plastiki, jina lake polipropilini, ndugu wa tumbo moja na salfeti la mchele. Imetandazwa nyuzinyuzi ikafanana na kitambaa.

(Mama mmoja akasema, "Kumbe!" Kisha wakacheka.)

Kumbe, ndiyo. Lakini mfuko huo una kazi yake, nisije nikaonekana napiga kila kitu. Ulikusudiwa uwe mzito, urudi sokoni mara nyingi. Shirika letu la viwango, TBS, linataka uwe na uzito wa gramu 70 kwa kila mita ya mraba na uwe na alama ya aliyeutengeneza. Shika wa kwako uutazame. Ukiona unapitisha mwanga kama chandarua, ukiuvuta unalia, huo umetengenezwa upotee. Kenya waliliona mapema, Machi 2019 NEMA, mamlaka ya mazingira ya kwao, ikatangaza kuizuia mifuko ya namna hii kwa sababu iliyojaa sokoni ilikuwa hafifu, watu wanaitupa kama walivyotupa ile ya zamani.

Kuna hesabu ambayo kila mtu anayeuza "mfuko rafiki wa mazingira" angepaswa kuibandika dukani. Waingereza, kupitia wakala wao wa mazingira, walitoa utafiti mwaka 2011. Walijiuliza: ukihesabu mafuta, umeme, maji na usafiri wa kutengeneza mfuko, kila aina itumike mara ngapi ndipo madhara yake kwa hali ya hewa yalingane na rambo lililotumika mara moja likatupwa? Mfuko wa karatasi, mara tatu. Huu wa polipropilini, mara 11. Wa pamba, mara 131. Mia moja thelathini na moja! Kwa hiyo yule dada anayenunua mkoba mpya wa pamba kila semina, wenye maandishi "Tunza Mazingira", nyumbani anayo kumi na miwili imeanikwa kama bendera, ajue anadaiwa. Hesabu hiyo haikugusa mtaro wala kasa anayemeza mfuko akidhani ni konyeza, yule mnyama laini wa baharini. Iligusa kutengeneza. Ila inatufunza kwamba mfuko hauwi mzuri kwa kuwa wa pamba au wa rangi ya kijani. Unakuwa mzuri kwa kurudi sokoni.

Aliyeubuni mfuko wenyewe alilijua hilo. Plastiki hii ya rambo ilipatikana kwa bahati mwaka 1933, katika maabara ya kiwanda huko Northwich, Uingereza. Ikaja kufanywa mfuko na mhandisi wa Sweden, Sten Gustaf Thulin, na kampuni yake ikapata hataza, yaani haki ya kumiliki ubunifu huo, mwaka 1965. Mtoto wake amesimulia kwamba baba alitaka kuokoa miti iliyokuwa inakatwa kwa mifuko ya karatasi, na kwamba yeye mwenyewe alitembea na wa kwake umekunjwa mfukoni. Alitengeneza kitu chepesi, imara, kisichooza, akategemea watu watakitumia mpaka kichoke. Sisi tukachukua kitu kisichooza tukakitumia kutoka dukani mpaka mlangoni.

Na kwa nini waokota makopo hawaugusi? Jana nilimuuliza mmoja. Alinitazama kama mtu asiyejua maisha. Rambo moja lina uzito wa gramu tano, sita. Kupata kilo moja unahitaji karibu mia mbili, tena zikiwa safi na kavu, na zetu zina mchuzi. Chupa anazikusanya kwa nusu saa. Kwa hiyo chupa ina mtu wa kuitafuta, mfuko hauna.

Mfuko mwingine unaokotwa na asiyetaka. Kijana wa bucha aliwahi kuniita nione. Tumbo la ng'ombe, hili tunalolila kwenye supu tukaliita taulo, amelipasua, na ndani mna donge kubwa kama mpira wa miguu. Mifuko, kamba, na majani yaliyonasa humo yakashindwa kuendelea na safari. Donge hilo ng'ombe hawezi kulitapika, hawezi kulitoa. Linajaza tumbo, anajiona ameshiba, anakonda. Mwenye ng'ombe alimuuza kwa sababu alikuwa "anaumwa ugonjwa usiojulikana".

Nikifika hapa watu huwa wanasema, mwalimu, zamani mlikuwa mnaishi vizuri. Hapana. Zamani tulikuwa maskini. Ila kuna kitu kimoja tulikijua. Mimi ni mtu wa Pangani, kwetu ni minazi. Babu akipewa samaki au maembe mengi hakutafuta mfuko. Alivuta kuti, akasuka pakacha pale pale amesimama, mazungumzo hayajaisha pakacha limekwisha. Likibeba likafika nyumbani linatupwa nyuma ya nyumba. Unaona? Hata sisi tulikuwa na mfuko wa kutumia mara moja! Tofauti ni kwamba baada ya mvua mbili tatu pakacha linakuwa udongo na mbuzi amelila nusu. Nyama ilifungwa kwenye jani la mgomba. Samaki walitungwa kwa ukuti, unatembea nao wananing'inia, mtaa mzima unajua leo kwenu kuna nini, na jirani anajikohoza.

Na dukani mtoto hatumwi mikono mitupu. Mafuta ya taa unakwenda na chupa yako, umeishika shingoni kwa kamba. Mafuta ya kula, chupa nyingine, na ole wako uzichanganye. Mimi nilizichanganya. Baba alikula samaki anayenuka koroboi, akamaliza, akafuta mdomo, ndipo akaniita. Dagaa, bakuli. Maziwa, kibuyu au birika. Mama akienda gengeni kikapu kiko kwapani kabla ya viatu kuwa miguuni. Hatukuwa na elimu ya mazingira. Tulijua tu kwamba anayekwenda kununua anakwenda na chombo.

Hicho ndicho kilichopotea, na sheria haiwezi kukirudisha. Sheria ilituondolea rambo mkononi, mkono ukabaki mtupu, na mkono mtupu ukifika sokoni utashika chochote utakachopewa. Mimi simlaumu muuza nyanya. Mteja kamjia hana kitu, afanyeje, amimine nyanya kwenye viganja vyake?

Nianze na mimi mwenyewe, msije mkasema mwalimu anahubiri. Wiki iliyopita nilifungua kabati chini ya meza ya jikoni nikakuta mfuko. Ndani ya mfuko kuna mifuko. Nikaimwaga nikaihesabu: 19. Yote ya sokoni, kila mmoja niliununua shilingi 200 kwa wale watoto wanaopita wanaita "mfuko, mfuko". Mke wangu ana kikapu cha ukili kizuri kimeninginia nyuma ya mlango, mlango ukifunguliwa hakionekani, mimi natoka nimeufungua. Kwenda sokoni kwangu ni mara nne kwa wiki. Mara nne kwa mia mbili ni mia nane, kwa wiki 52 ni shilingi 41,600. Kile kikapu kilinunuliwa 7,000. Mwalimu wa hesabu!

(Hapa walinicheka vya kutosha.)

Kuna na mambo ya jikoni tusiyoyasema hadharani. Kuwasha jiko la mkaa kwa kipande cha mfuko, nani hajafanya? Unawasha, tone linadondoka linawaka, moshi mweusi, mtoto amekaa kwenye kigoda pembeni anasubiri chai. Moshi ule wa plastiki una sumu, na unaingia kwenye kifua kidogo kwanza. Maganda ya nazi yapo, vibanzi vipo. Kufunikia wali kwa nailoni ili uive kwa mvuke, hiyo pia naijua, kwangu iliisha kwa ugomvi lakini iliisha. Jani la mgomba linafanya kazi hiyo hiyo na linanukia. Na chipsi. Chipsi zinatoka kwenye karai mafuta yanachemka, zinamiminwa kwenye kifungashio, kifungashio kinasinyaa mbele ya macho yako, unaongezewa tomato, unafunga fundo. Kwenda mbele unakula chipsi na sehemu ya mfuko. Kijana, nenda na kontena lako. Hutaonekana mshamba. Na ukionekana, utakuwa mshamba mwenye afya.

Ngoja. Mama yangu pale ananyoosha mkono, yule wa dagaa. Sema mama.

(Akasema: "Mwalimu, hayo ya kikapu ni ya vitunguu. Mimi nauza dagaa wabichi na kamba. Wanachuruzika maji. Nikimtilia mtu kwenye kikapu cha ukili, kesho atakitupa kikapu na mimi ananidai. Na nikikataa kumpa kifungashio, jirani yangu wa meza ya pili anampa. Nile nini?")

Swali hilo ndilo zito kuliko yote niliyoyasema leo, na mliopiga makofi mmefanya vizuri. Mama, sina jibu la kitabuni. Kwa kitu chenye maji, chombo ni bakuli au kile kindoo kidogo cha rangi chenye mfuniko, kikioshwa vizuri kiwe kinakaa ndani ya kikapu. Hilo la mteja. La jirani wa meza ya pili ni kweli kabisa, na hapo mtu mmoja hawezi. Mkiacha wote siku moja, mteja hana pa kukimbilia. Akiacha mmoja, amejifukuzia wateja. Ireland walipoweka tozo ya senti 15 za yuro kwa kila mfuko mwaka 2002, matumizi yalishuka kwa takriban asilimia 90, na sababu kubwa ni kwamba ilikuwa kila duka, siku moja, bei moja. Sisi soko letu lina meza 40 na kidogo. Meza 40 zinaweza kukaa kikao kimoja, mnakaa vingi tu vya kuchangia harusi.

Kwa hiyo ombi langu kwa mwenyekiti ni dogo. Tusianze na faini. Tuchague siku moja ya wiki, meza zote, hakuna anayetoa kifungashio bure. Anayekuja na chombo anahudumiwa kwanza. Asiye nacho anauziwa, kwa bei inayouma kidogo, na ielekezwe kununua reki na toroli za usafi, maana leo tumezoa taka kwa mikono na mabeseni ya watu.

(Mama wa dagaa akanyoosha mkono tena.)

Sema tena mama, kikao chako hiki.

("Bei mimi siipendi, nitagombana na wateja. Ila akinijia na bakuli lake, namwekea nyongeza. Wachache, lakini namwekea.")

Mmesikia? Mwenyekiti, mmesikia? Nyongeza kwa mwenye bakuli. Katibu, andika hiyo kabla hajageuka. Na mama, hiyo siku ya kwanza mimi nitakuja mapema, na bakuli ninalo kubwa.

("Bakuli, mwalimu. Sio beseni.")